Mboga Asizokula Baba

Garsen, Jumapili jioni. Joto la leo limegoma kuondoka hata baada ya jua kuzama. Nimefungua madirisha yote na kilichoingia ni mbu tu.

Nimechoka, na nina kisirani kidogo, kwa hiyo nitaandika bila kupamba.

Tangu mafuriko yaibomoe nyumba yetu ya Ngao na nimlete Baba akae nami hapa, nimehangaika na mboga kama mtu anayesomea mtihani. Baba hali. Suruali sasa anaifunga kwa kamba. Kaka yangu Komora, anayeishi Malindi, amekwisha kusema: kama mzee hali kwangu, mwisho wa mwezi atakuja kumchukua.

Mimi sitaki amchukue.

Mwanangu yuko chuoni Mombasa, na baba yake mtoto ana nyumba nyingine siku nyingi. Nashinda na cherehani nikishona sare za shule, nikirudi nyumbani nazungumza na redio. Baba alipokuja, nilianza kuamka asubuhi nikisikia mtu mwingine akikohoa ndani. Nilikipenda kikohozi hicho. Najua si jambo la kusema, lakini nilikipenda.

Basi nikaanza kutafuta namna. Dada wa kliniki aliniambia nioshe mchicha kabla ya kuukata, nifunike sufuria, niepue ukiwa bado kijani. Nikafanya hivyo. Baba akautazama, akaniuliza kama gesi imeisha. Nikajaribu mvuke, chujio juu ya maji yanayochemka, kama nilivyoona kwenye simu. Akasema mboga inanuka mvua. Nikakaanga sukuma kwa kitunguu na nyanya kama wanavyopika wenzangu wa bara, akala matonge mawili, akanawa.

Nikasema, ah, huyu anataka ya kwetu. Nikakuna nazi. Majani ya kunde, magadi kidogo yalainike, tui zito mwishoni, moto mdogo, vilevile alivyopika marehemu Mama. Nilionja nikafumba macho. Nikampelekea sebuleni, nikaiweka sahani kwenye stuli mbele yake, nikarudi jikoni kwangu kula, maana kwetu mwanamke hakai na wanaume wanapokula.

Sahani ilirudi imejaa.

"Nzuri, mama," aliniambia. Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Nzuri sana. Ila nimeshiba."

Ameshiba nini? Upepo? Siku hiyo nililia kweli, na sufuria nikaisugua mpaka ikalia na yenyewe.

Leo sikuwa na nguvu za kubembeleza mtu. Nilitoka kanisani kichwa kinaniuma, nikalala, nikaamka nimechelewa. Mchicha nikaukata hovyo, mashina na yote. Nikausahau motoni mpaka ukawa mweusi, tui likakatika, chumvi ikazidi. Ni mboga mbaya kuliko zote nilizopika mwaka huu. Nikaibandika juu ya sahani ya ugali, nikampelekea Baba, nikaondoka bila hata kumkaribisha.

Niliporudi na maji ya kunywa, kiti kilikuwa kitupu. Sahani haikuwepo. Nilishtuka, nikafikiri ameenda kunimwagia chakula nje nisione.

Nikamwona ng'ambo ya barabara, ameketi kwenye mkeka mbele ya duka la mabati na misumari. Pale hulinda mzee mmoja Muorma, Mzee Godana, anayefika kila jioni na thermosi yake ya chai. Alikuwa amemaliza kuswali magharibi. Sahani yangu ilikuwa katikati yao.

"Hii majani kwetu ng'ombe ndio anakula," Mzee Godana alikuwa akisema.

"Leo ng'ombe ni wewe," Baba akamjibu. "Kata tonge, kaka, ugali unapoa."

Wakacheka, wale wazee wawili, mpaka Baba akapaliwa. Mkulima wa mtoni na mfugaji wa nyikani, watu ambao kwa miaka wamesikia mengi mabaya kuhusu wenzao. Nyama ingekuwa na maswali ya nani kachinja. Mchicha hauna.

Nikasimama na jagi langu kama mjinga, na ndipo nikakumbuka. Ngao, kila jioni, kila nyumba ilitoa chakula chake nje, na wanaume wa mji walikula pamoja, mikono mingi sahani moja, mboga ya huyu na samaki wa yule. Baba ana miaka mingi duniani, na hajawahi kuwa na sahani yake mwenyewe. Mimi nilimwekea sahani yake, kwenye stuli, ndani ya chumba, nikamwacha nayo.

Niliibadilisha mboga kila siku. Sikuwaza kumbadilishia mahali pa kulia.

"Lete maji ya kunawa, mama," Baba aliniita aliponiona. Nikawapelekea. Walikuwa wamekomba hata ule weusi wa chini.

Komora amepiga simu sasa hivi. Nimemwambia mzee amekula, tena amemaliza. Amesema basi abaki, kama anakula abaki. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Kwa hiyo nimepata nilichokitaka. Baba habebwi.

Bado yuko ng'ambo ya barabara wakati naandika haya. Namsikia anasimulia habari za mamba fulani, hadithi ambayo tangu aje hajawahi kunisimulia. Nimefurahi, naapa nimefurahi. Mimi nimekula ukoko wa ugali na chumvi, nimesimama, mgongo umeegemea jiko.

Amesema kesho niongeze mboga, Godana anakula huyo! Nitaongeza. Nitauosha mchicha vizuri, nitautoa mashina, tui nitaliangalia lisikatike. Nitawapelekea, nitawanawisha, nitarudi.

Na mimi, nitakula na nani?