Kiti Kati ya Milango Miwili

Walthamstow, London
9 Machi 2003

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mjukuu wako Miradie. Goti lako linaendeleaje, na mvua za Bukavu zimepungua? Sisi tu wazima wa mwili. Miradie bado ananijibu kwa Kiingereza, lakini jana aliomba nimpikie pondu yenye mawese mengi, kama alivyoipenda mama yake, nikafurahi kidogo.

Zéphyrin aliporudi huko alikusimulia mazishi ya mdogo wangu Raïssa. Alikusimulia pia juu ya Daktari Avtar, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, aliyekuja kwenye matanga akala fufu kwa mkono. Ni mimi niliyemmiminia maji ya kunawa. Wanawake wa Kongo wa mtaa huu tunatibiwa kwake kwa sababu hatuhitaji mkalimani. Raïssa alimtania kwamba Kiswahili chake ni cha kuuzia chumvi. Naye akamjibu kwamba chetu ni cha kuimbia kanisani, hakiwezi kununua hata hiyo chumvi.

Unajua kwamba baada ya kumzaa Miradie moyo wa Raïssa ulidhoofika, na hospitali ikamwonya asishike mimba tena. Ilipoingia, yeye na mumewe Baudouin waliamua itolewe. Mimi sikupenda, unanijua, lakini nilimsindikiza. Huku sheria inaruhusu, ila tulianzia kwa daktari wa mtaa, huyo huyo Avtar. Aliingia peke yake, na kila alipotoka aliniambia daktari amesema tungoje vipimo vingine. Tukangoja. Tumbo likakua, miguu ikavimba, akawa analala ameketi, ameegemea mito. Siku moyo uliposimama alikuwa akimsuka Miradie. Upande mmoja wa nywele ulibaki haujasukwa, na mtoto kwa siku nyingi hakutaka uguswe.

Sasa, Mama, juu ya agizo lako. Uliniambia nimpelekee daktari kitenge na aksanti ya familia, kwa kumtunza Raïssa, na nimwambie kwamba mtoto wa kaka Magloire mmempa jina lake, Avtar. Nilikwenda Jumatatu. Kabla sijamaliza kusema, aliniomba ninyamaze. Alisema dhamira yake haimruhusu kusaidia kutoa mimba, na sheria haimlazimishi. Lakini alikiri kwamba alipaswa kumwambia Raïssa hivyo waziwazi, na kumpeleka kwa daktari mwenzake wa chumba cha pili. Hakumwambia. Vile vipimo havikuhitajika. Alikuwa akingoja abadili nia, akiamini moyo ungestahimili. Alilia. Sikumtukana. Nilishindwa hata kumuuliza aliwezaje kula chakula chetu.

Nikatoka. Kati ya mlango wake na mlango wa yule mwenzake kuna kiti. Raïssa alikuwa akikikalia kila alipotoka, apumue kidogo kabla ya safari ya nyumbani, kichwa kimeegemea ukuta wa kile chumba cha pili. Mimi nilisimama pembeni nikimshikia mkoba.

Kitenge nimerudi nacho. Baudouin hajui bado, na sijui nitaanzia wapi. Mtoto wa Magloire mmekwisha kumbatiza. Mwacheni na jina lake, yeye hana kosa. Ila mkiniandikia habari zake, mwiteni mtoto tu.

Nisalimie majirani wa Kadutu na wote waliotulilia. Mungu akupe usingizi, Mama.

Mwanao,
Léocadie