Homa ya yaya Paluku

Beni, Bungulu, mardi jioni

Nimechoka mpaka ku mifupa. Njia ya kutoka Butembo ilitutikisa sana, lakini si njia ndiyo inaniumiza.

Yaya Paluku, kaka yangu mukubwa, alianza kutetemeka mu gari. Tangu batoto tunaangaliaka theluji ya Ruwenzori kwa mbali, na mwaka huu muzima tulijitayarisha kupanda ule mulima pamoja. Akanikamata mukono: «Masika, usiambie guide wa mulima. Ni baridi tu.»

Tulipofika hapa Bungulu, guide alikuja kutusalimia mu chumba, akauliza kama tuko na nguvu.

«Tuko bien,» yaya akajibu mbio.

«Hapana,» nikasema. «Ako na homa.»

Guide akamugusa ku uso. «Kule juu hewa ni kidogo. Mutu wa homa anaweza kufa. Abakie.»

Yaya akalala ku kitanda, akageukia ukuta. Nilimupelekea chai, akaiacha ikapoa.

Naogopa hatanisamehe. Naogopa pia kupanda bila yeye.

Sasa hivi ameniita. Nilifikiri anataka maji.

«Ukifika kule juu,» akasema, «uangalie ngambo ingine ya mulima, ile hatuyaona bado. Utakuja kunieleza.»