Ukurasa Uliogeukia Ukuta

Baba Lilian,

Hata ulipokuwa hai, barua ikifika ulikuwa unaangalia stempu kwanza, maneno baadaye, na maneno yenyewe ulikuwa unanisomea nusu. Kwa hiyo nakuandikia bila wasiwasi. Ukiishia njiani si neno, nimekuzoea.

Habari za huku ni kwamba tumehama kutoka kile chumba chetu cha Gatwekera. Mvua ya El Nino ilinyesha mpaka ukuta wa upande wa kitanda ukaanza kulala ndani. Mwenye nyumba akasema atautengeneza, na unajua anavyosema. Dada yangu ametutafutia chumba Kawangware, karibu na kwake. Rangi na brashi zako nimempa Wafula, mwanafunzi wako wa kuandika mabango. Kwa kinyozi amechora kichwa cha mtu kinachofanana na kiazi. Wateja wanaingia hivyo hivyo.

Lilian hajambo, ameng'oka jino la mbele. Lakini tangu tukuzike kule Butere alikuwa haombi hadithi, na hilo ndilo limenifanya nishike kalamu.

Wakati tunaingia ile nyumba, kila mtu alikuwa anabandika magazeti ukutani kuzuia vumbi. Wewe ukabandika kitabu cha katuni, toleo la kwanza la Soja Makoti, yule mlinzi wa geti ambaye mifuko ya koti lake haiishi vitu. Ulipika uji wa ngano ukabandika ukurasa mmoja mmoja, ukikagua michoro kama mtu anayechagua maharagwe. Nilikuambia karatasi ina pande mbili, nusu ya hadithi itamezwa na udongo. Ukasema, "Iko kichwani, mama. Ukuta usome huko, mimi nisome huku."

Kila jioni Lilian alikuandama hadi picha ya mwisho, pale wezi wanapomsukuma Soja kutoka darajani, koti linamvuta chini, na kofia peke yake inaelea. Hapo ulikuwa unagonga ukuta kwa kidole na kumsomea kilicho nyuma. Siku moja Soja alitoka kwa kamba. Siku nyingine alivutwa na mama aliyekuwa anafua. Siku nyingine alipanda ndani ya karai akapiga makasia na rungu lake. Nilipokuuliza mbona ukurasa unabadilika, ulisema ni ukurasa mrefu.

Ulipokwenda, Lilian aliniuliza mara moja tu: "Mama, ametoka?" Sikuwa na mdomo wako. Nilimwambia sijui. Akageukia ukuta, akalala akiangalia ile kofia, na hakuuliza tena. Mimi nimezoea kuishi bila majibu, lakini mtoto wa umri ule kunyamaza hivyo kulinitisha.

Ndipo akaja Ken, yule kijana wa Riruta Satellite uliyemwandikia bango la duka la vitabu vikuukuu. Alikuja kunipa pole, pole yenyewe ikamkwama mdomoni alipouona ukuta. Kumbe anakusanya matoleo yote ya Soja, na hili la kwanza hajawahi kulishika. Ndilo lililomleta Soja duniani, tena ndiyo kazi ya kwanza ya yule mchoraji ambaye siku hizi kila anayeshika kalamu anamuiga. Akaniambia toleo la pili linaanza Soja akiwa getini, koti kavu, na hakuna maelezo. "Tumebishana hiyo story hadi tukachoka, mathe. Alitoka aje majini?"

Akaomba tubandue. Nilikubali, lakini si kwa ajili yake. Nilitaka ule ukurasa. Nikiupata nitakuwa na kitu cha kumwambia mtoto.

Tulilowesha ukuta kwa maji ya moto na kitambaa. Kurasa nyingine zilitoka nzima, nyingine zikatoka matope. Ule wa mwisho ulikuja taratibu, Ken ameshika pembe moja na mimi nyingine, Lilian amesimama kitandani. Tukaugeuza.

Tangazo la sabuni, Baba Lilian. Mama anafua kwenye karai huku anacheka, na nyuma yake mashati kwenye kamba. Hakuna Soja, hakuna mto. Ken aliketi juu ya ndoo kama mtu aliyefiwa. Mimi nilikuwa natazama ile kamba, yule mama, lile karai. Hukuwa unadanganya, basi. Ulikuwa unasoma kilichokuwepo.

Lilian aliinama kutoka kitandani akautazama, akasema, "Kumbe ni baba alikuwa anamtoa."

Hapo nililia. Mazikoni sikulia hivyo.

Kurasa zilizopona nimempa Ken, amezibeba kama mayai. Ule wa mwisho hakuuomba. Tumeubandika hapa Kawangware kwenye mabati, na Lilian ndiye aliyeamua kofia ikae nje, sabuni ikae ndani. Jioni ya kwanza niligonga kwa kidole nikaanza kusoma. Nilimtoa Soja kwa ngazi. Lilian akanikatiza: "Ngazi haiko huko nyuma. Ngoja nikuonyeshe." Akagonga mwenyewe.

Basi pumzika, baba. Wafula nitamsema kuhusu vile viazi. Na Soja usimhangaikie, zamu ni yetu sasa. Hatutamwacha alale majini.

Mama Lilian