Fremu ya Kaboni ya Wanjala

Jumanne

Bado sijatulia. Mume wangu Wanjala ameunganisha baiskeli yake ya mashindano leo, kwa fremu ya kaboni na magurudumu ya bei rahisi kutoka Uchina.

Mama mkwe akauliza, "Na keria ya kubebea mizigo itafungwa wapi? Mahindi yatabebwa na nini?"

Tukacheka. Kisha nikaigonga fremu kwa sarafu, vile mafundi hufanyanga kutafuta ufa uliojificha ndani. Ililia vizuri kote, ila karibu na pedali ililia kama kibuyu kilichopasuka.

"Ni rangi tu, Mama Neema," Wanjala akaniambia.

"Rangi hailii hivyo. Jumamosi kwa mashindano hushuki mteremko na hii. Mtoto wetu Neema anakuhitaji mzima."

Akakasirika. Baadaye akachukua sarafu, akagonga mwenyewe mara tatu.

Sasa anafungua bolti, anaitenganisha tena. Haniangalii, lakini anafungua.