Ngamia Niliyemwita Mwenyewe

Tuda, nimetolewa kwenye mbio za miguu za jangwani. Niko ndani ya gari la wagonjwa.

Sheria unaijua, ngamia wa mwisho, anayetembea nyuma ya wakimbiaji wote, akikupita umekwisha. Mwaka huu kapewa nani amwongoze? Ami Baasu. Na ngamia mwenyewe ni Tament wetu, niliyemlea kwa tende za mkononi.

Nilikuwa hoi. Kucha zimeng'oka, mchanga mpaka kwenye meno. Kituo nakiona kabisa. Nyuma yangu ami anajichelewesha, anajifanya anakaza matandiko. "Tembea tu, mwanangu. Usigeuke."

Nikageuka.

Nikamwona Tament, nikaanza kulia. Nikamwita, Tuda. Nikamwita kama nyumbani jioni: "Tament, njoo mama."

Akaja mbio. Kamba ikamponyoka ami. Akanipita, kisha akarudi kuninusa mfukoni.

"Ami, hiyo haihesabiki."

Ami akanisogelea. Akanivua namba kifuani polepole.

"Tangu asubuhi namzuia huyu. Kumbe wa kuzuiwa ulikuwa wewe."

Nimemwita mwenyewe, Tuda. Kwa mdomo wangu.

Na tende ya mwisho nikampa.