Aliyechumbiwa Ni Mimi

Mwenzangu, nimejifungia bafuni. Rafiki wa mume wangu, mgeni asiyewahi kutuona, katuuliza mezani tulivyochumbiana.

Mume wangu akaanza, dada yangu akadakia! Si unajua haya zangu, dada ndiye aliyekuwa akitusindikiza.

"Mvua ikatukuta, tukajibanza kibarazani..."

"Ukaanza kuimba, sauti kama chura!"

"Na wewe ukanicheka mpaka ukakaa chini!"

Wanamaliziana maneno! Nilisimama katikati yao siku ile. Katikati! Ndipo aliponishika mkono mara ya kwanza. Hilo hakuna aliyelikumbuka.

Mgeni akamgeukia dada: "Kwa hiyo shemeji, ndoa yenu ina miaka mingapi?"

Wakatazamana, wakacheka. Wakacheka tu, mwenzangu.

Aliyemsahihisha mgeni ni mimi.