Kigae Chenye Dole Gumba Lako

Bibi,

Chungu chako cha mwisho nilikivunja mimi. Beberu hakuhusika.

Naanza na hilo kwa sababu ulisema mtu akizidisha salamu kwenye barua, mwishoni ana kitu anaomba. Ulikuwa na siku tisa tu kaburini. Nilikuwa natoka ziwani, chungu kichwani, kitabu mkononi, na kitabuni msichana alikuwa karibu kukubali posa. Nikajikwaa. Vigae nikavisogeza hadi kwa beberu wa Baba, akavinusa kwa heshima, na watu walipofika wakamkuta na ushahidi mdomoni. Aliuzwa mnadani Bunda. Kigae kimoja nilikificha kwenye sanduku la shule: kile chenye alama yako ndani ya mdomo, dole gumba fupi ambalo samaki kamongo alilitafuna ncha ulipokuwa msichana. "Hii ni sahihi yangu," ulikuwa unaniambia. "Kalamu aliichonga kamongo."

Tangu uondoke, sabuni imerudi. Ya kweli, yenye povu. Hatufulii tena majani ya mpapai. Sukari ipo. Huko Manyamanyama ndoo za plastiki zimepangwa nje ya maduka, nyekundu na bluu, na walewale waliokubembeleza uwafinyangie vyungu sufuria zilipoadimika sasa wanapita na ndoo bila kutazama kwako. Hata sisi tunayo. Ukiiangusha inaruka tu. Niliiangusha mara mbili kuhakikisha.

Kumbukumbu yako ya mwaka ilipokaribia, Baba akasema maua ya kaburini tutayaweka kwenye ndoo mpya. Shangazi Perusi akaacha kuchambua dagaa. "Mama yangu kafinyanga mpaka mgongo ukapinda, halafu wewe unamwekea plastiki?" Lakini nyumba nzima haikuwa na chungu chako hata kimoja. Mfinyanzi hulia gaeni. Nikasema nitakwenda kukitafuta. Wote wakanigeukia, si kwa sababu ya wazo lenyewe, ila kwa sababu mimi ndiye niliyesema.

Likizo ilipofika tukatoka Kibara, Shangazi na magunia yake ya dagaa, mimi na daftari. Daftari ndilo lililotuponza. Tulipofika Mugeta, Shangazi akiwa sokoni, nilipita nyumba kwa nyumba. Unajua ninavyoogopa watu. Nilikuwa nimeandika maswali ili niyasome bila kuinua macho: Una vyungu vingapi? Ulivipata wapi? Nani alikuuzia? Nikasahau kwamba si zamani sana walipita watu wenye madaftari wakisaka walanguzi, na waliuliza hivyohivyo kuhusu sabuni na khanga.

Mama wa kwanza alikalia chungu chake, akakifunika kwa kitenge pande zote kama kuku anayeatamia. "Vyungu hatunaga," akasema. "Sisi tunapikiaga kwa jirani." Jirani naye akasema anapikiaga kule nilikotoka. Nilipofika nyumba ya nne niliona watoto wakikimbilia shamba la mtama na vyungu vichwani. Shangazi alinikuta nimesimama katikati ya kijiji kisicho na chungu, moshi wa ugali ukipanda kila upande. Aliwaeleza kwamba mimi ni mjukuu wa mfinyanzi, na kwamba serikali haijafikia kumtuma mtu anayetetemeka hivi. Vyungu vikarudi kutoka mtamani, tukalishwa mpaka tukashindwa. Niliingiza kidole katika kila mdomo. Dole lako halikuwemo.

Butiama tulimpata mfinyanzi, Mama Wegesa, akipanga kuni za kuchomea. Shangazi alipokwenda kunywa maji nikamwonyesha kwa siri kigae nilichokuwa nimekuja nacho. Akakigonga kwa kifundo cha kidole, kama ulivyokuwa unafanya wewe, akatega sikio. "Hata kikiwa kipande bado kinajibu," akasema. Dole hilo alikuwa amelikuta Musoma, kwa padri mmoja mzee anayekusanya vyungu. "Anavipanga kama vitabu. Hapikii hata kimoja."

Ni kweli, Bibi. Tulipofika Musoma, Padri alitufungulia chumba kizima cha vyungu, kila kimoja na kadi yake. Chako kilikuwa cha tatu rafuni, na kadi ilisema: Chungu cha sherehe. Mfinyanzi hajulikani. Shangazi alianza kucheka, halafu nikaona anafuta macho kwa ncha ya khanga. Kilikuwa kile chenye mdomo mpana ulichomfinyangia kuku wako mwekundu aatamie.

Nikatazama viatu vya Padri. "Padri, hicho ni cha kuku. Na mfinyanzi anajulikana."

Akasema anaomba radhi kwa kuku. Akakishusha, akanikabidhi. Akasema nikirudishe kwa mwenyewe.

Nilikipakata. Nilikigonga, kikajibu. Ndicho tulichokifuata siku zote zile. Lakini nikatazama kadi za rafuni: hajulikani, hajulikani, hajulikani. Kibara kingekaa kaburini mpaka beberu mwingine akiangushe, safari hii kweli. Hapa watu wangekusoma. Nikakirudisha, nikaomba kalamu, nikaandika: Chungu cha kuku. Kimefinyangwa na Bibi Nyamisi wa Kibara. Tazama dole.

Shangazi hakunisemesha mpaka Bunda. Pale akasema, "Kaburini sasa utaweka nini, daftari?"

Siku ya kumbukumbu, sala ilipokwisha, nikatoa kigae kwenye sanduku nikawaambia wote, katekista akiwepo, kwamba chungu nilikivunja mimi. Sauti yangu haikutoka vizuri. Ilibidi nirudie, na kurudia ni vibaya zaidi. Baba alinitazama. "Beberu wangu," akasema. Kisha akachimba kidogo upande wa kichwa chako, akakilaza kigae, dole likitazama juu. Shangazi akamimina maji, yakakaa, kama kijiko kimoja hivi. Akainama kuchungulia.

"Hakivuji," akasema.

Maua tuliyaweka chini tu. Ndoo ilibaki nyumbani, ile inayoruka.

Likizo ijayo Mama Wegesa amekubali nikajifunze kwake. Changu cha kwanza kitavuja, nitawapa kuku, wao hawasemi. Cha pili labda pia. Lakini kitakachojibu nikikigonga nitakuletea, kizima, kutoka Butiama mpaka hapo ulipolala, na kitabu nitakiacha nyumbani.

Pumzika, Bibi. Mwombe radhi beberu kama yuko huko.

Mjukuu wako,
Nyangeta